Kabandika barua ya SIRI WhatsApp halafu eti "nimeficha"!!

Wakuu, leo sina salamu. Yule bwana mnamjua, yule wa stika za maua kila alfajiri. Kapiga picha barua yenye muhuri wa SIRI, kaitupa kwenye kundi la mamia ya watu. Namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, kazipitishia kalamu ya kwenye simu, chini kaandika: "Nimeficha namba, msihofu."

Kaficha nini? Ile ni kalamu ya kukolezea maandishi, rangi yake inapitisha mwanga. Fungua picha, ingia kuhariri, pandisha mwangaza na vivuli mpaka mwisho: tarakimu 20 zote hizo hapo. Na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu! Msihofu!

Kubanwa, akafuta. Kufuta kunaondoa ujumbe kundini tu. Aliyekwisha kuifowadi, nakala yake haiguswi, na iPhone iliyojihifadhia kwenye albamu inabaki nayo. Sasa hivi kuanzia Mbagala hadi Bunju wauza chipsi wameisoma kabla ya mwandikiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, yeye kaficha! KAFICHA!

Jibu 1: Mkuu jazba yote hii, namba yako imo nini?

Jibu 2: Huyo afadhali. Wa PDF ndio balaa: anaweka kiboksi cheusi juu ya jina, maandishi yako chini yake mazima. Unachagua, unakopi, unabandika kwingine, unasoma. Weka kiboksi kizito, piga skrinishoti, tuma hiyo skrinishoti.

Jibu 3: Mnalilia barua? Nendeni steshenari za Kariakoo. Dekstopu imejaa vitambulisho vya watu, na WhatsApp za wateja ziko wazi kwenye kompyuta ya duka. Ukishaprinti, shika simu yako, ingia vifaa vilivyounganishwa, toa ile kompyuta. Faili lifutwe mpaka kwenye pipa la taka.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtumishi mzima kaandika "nimeficha"!

Jibu 4: Tumekusikia mkuu, kunywa maji. Hao wa steshenari na kopi zao zenye mstari mweusi je? Wanakwambia wino umeisha.

Jibu 5: Uongo. Mstari unaorudi palepale kila ukurasa mara nyingi ni dramu, ule mviringo wa ndani ya mashine unaochapa, imechubuka, au kioo kina uchafu. Wino ukiisha maandishi yanafifia.

Jibu 4: Kumbe! Na bei hawapunguzi.