Mjadala: Hao "wanaume wa zamani" tunaowasifia ni wa zamani ipi hasa?

Wakuu, kila siku watu wanalia humu eti wanaume wamekwisha, mwanaume wa siku hizi anavaa hereni, anajipodoa, akiachwa anatoa machozi. Kwanza inachekesha, mwanaume mzima kulialia kwamba wanaume wanalia. Swali langu, zamani ya lini?

Mchukueni Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa. Kuna picha yake ya 1701, mzee kapita miaka 60, wigi limemwagika mpaka kifuani, soksi ndefu nyeupe zimebana, miguu yote nje, chini viatu vya kisigino chekundu, na hapo ndo alitaka aonekane dume kweli. Visigino vyenyewe Ulaya waliiga kwa wapanda farasi wa Uajemi, askari kabisa, kisigino kinashika kwenye kikuku cha tandiko ili jamaa asimame apige mshale asidondoke. Pinki je? 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto Marekani liliandika kwamba pinki ni ya mvulana kwa sababu ni rangi yenye nguvu, bluu ndo ya msichana.

Na huyu baba anayetoka asubuhi, analeta hela peke yake, haongei, tunayemuita wa asili, kaletwa na viwanda juzi tu karne ya 19. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakulima na mafundi wa nyumbani, mume, mke na watoto wote wanazalisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umekomaa na nguo tu, nguo zinabadilika nani anabisha. Kulinda na kupigana je? Huyo Louis wako na visigino vyake vitani alipeleka wanaume, sio mabinti. Hiyo haijabadilika.

Mleta mada:
Hapo kwenye vita umenibana kidogo. Ila hata ujasiri wenyewe haujakaa pale pale. Vita ya Kwanza ya Dunia kuna askari walitoka mstari wa mbele wanatetemeka, hawalali, wengine hata sauti imepotea, wakaitwa waoga. Uingereza ilipiga risasi askari wa jeshi lake 306 kwa makosa kama kutoroka na woga, ikaja kuwasamehe 2006, karibu miaka 90 baadae, unamsamehe marehemu ili iweje sijui. Siku hizi askari akiwa na hali ile anapelekwa kwa daktari.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana na huku Norway tangu 2015 sheria inawaita jeshini mabinti kwa lazima sawa na vijana wa kiume, na hakuna vita. Sasa huyo anayesema kulinda ni kazi ya mwanaume tu aje atuambie wale tuwaiteje.