Nimemfundisha mdogo wangu pikipiki, ameanguka, sasa hataki tena. Nilikosea wapi?

Kaka wa Ihumwa

Mbukwenyi wakuu.

Mdogo wangu wa kike, miaka 24, amepata kazi ya ualimu shule ya msingi huko ndani. Ukifika Hombolo, huku kwetu Dodoma, unaacha barabara unaingia njia za mashamba ya zabibu, mchanga mtupu. Bodaboda ya kila siku ingemaliza mshahara, kwa hiyo nimempa Boxer yangu ya zamani.

Tatizo ni mwalimu, yaani mimi. Naendesha mwaka wa tisa huu ila sikufundishwa na mtu. Nilichukua pikipiki ya baba mdogo akiwa amelala mchana, nikairudisha nikiwa na alama ya ekzosi kwenye shavu la mguu, ipo mpaka leo. Kwa hiyo mikono inajua, mdomo haujui kueleza.

Tulienda uwanja wa mpira jioni tatu, akawa anaondoka vizuri, anabadili gia. Jumamosi nikajiamini, nikamtoa kwenye njia ya kuelekea korongoni. Yuko gia ya pili, kona ndogo ya kushoto, mbuzi wakakatiza. Akakamata breki ya mbele yote. Chini. Goti limechubuka, saidimira imekwenda, na mimi badala ya kumpa pole nikamfokea mbele ya wachunga mbuzi: "Si nilikwambia hiyo breki usiiguse!" Kanyanyuka, kakung'uta vumbi, karudi nyumbani kwa miguu. Mama ndiyo kapata la kusema, maana tangu mwanzo hakutaka.

Shule zinafunguliwa wiki tano zijazo. Leseni ya kujifunzia anayo. Nimkataze kabisa breki ya mbele? Nianze upya kutokea wapi?

Mtoto wa Makole

Mpeleke chuo cha udereva mkuu, ndugu hafundishi ndugu. Mke wangu nilimfundisha gari siku mbili tukalala vyumba tofauti.

Mzee wa Kijiwe

Kaka, kamwombe radhi kwanza, maana aliyekosea ni wewe. Halafu hilo la "usiiguse" lifute kabisa kichwani mwake.

Pikipiki ikifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linaloshika ardhi. Siku atakapokuwa kwenye lami ya kwenda Morogoro, lori likasimama mbele yake, akitegemea ya mguu peke yake atalivaa. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unakaribia mara nne, wala si mbili. Yeye hakuangushwa na breki peke yake. Aliangushwa na breki, kona na mchanga kwa wakati mmoja. Mchangani usukani unyooke kwanza, mguu ufanye kazi kubwa, mbele aguse kwa vidole viwili tu. Mwambie ni kama kukamua mbuzi: unabana taratibu, hunyakui. Ukinyakua unapigwa teke.

Sasa jinsi ya kuanza. Nimefundisha vijana wengi kijiweni na kila mmoja nimeanza naye pikipiki ikiwa imezimwa. Akae juu, wewe sukuma, kazi yake ni kusimamisha tu. Utatoka jasho, ndiyo adhabu yako. Wewe ulimfundisha kuondoka kabla hajajua kusimama.

Akishazoea, washeni. Gia ya kwanza, mafuta asivute hata kidogo. Aachie klachi polepole mpaka asikie pikipiki inataka kwenda, abane tena. Mara hamsini. Mkono ukishajua pale klachi inaposhika, hatashtuka.

Kitu kingine ni macho. Anayetazama shimo huingia shimoni. Mbuzi wakikatiza asiwatazame wao, atazame kule anakotaka kupita, nyuma yao, na asipite mpaka amwone wa mwisho. Mama akivuka, kitoto lazima kifuate.

Mchanga mzito nao: gia ya chini, mafuta yaleyale bila kuongeza wala kukata, magoti yabane tangi, usukani auache ucheze kidogo. Akikata mafuta katikati, tairi la mbele linazama. Na upepo wetu huu wa Julai na Agosti usiuchukulie poa. Lori likikupita linakukinga kidogo, likishamaliza kupita upepo unakurudia ghafla ubavuni.

Mwalimu wa Kondoa

Kaka, niongeze ya wanawake, maana wanaume hamyaoni. Mimi naenda kazini na pikipiki. Sketi ndefu na mtandio ni hatari, vinavutwa na cheni. Avae suruali na viatu vya kufunika kifundo, sketi akabadilie shuleni. Helmeti iwe ya kwake, inayombana mashavu, na mkanda afunge. Ile ya kubebea abiria inayozunguka kichwani kama sufuria haimsaidii.

Umemfundisha kuinyanyua ikilala? Aizime, aipe mgongo, achuchumae, ashike usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, arudi kinyumenyume akisukuma kwa miguu, siyo kiuno. Mimi ndicho kilichoniondolea woga, kujua kwamba nikiwa peke yangu porini sitasubiri mwanaume apite.

Mvua zikianza Desemba, korongo likiwa na maji asijaribu, hata akiona wengine wanavuka. Abaki ng'ambo hiihii, wanafunzi watamsubiri.

Kaka wa Ihumwa

Nimerudi. Radhi nimeomba, kanijibu "sawa" ya nusu mdomo, ila Jumapili alitoka mwenyewe na helmeti mkononi. Nimesukuma mpaka mgongo umeniuma, Mzee. Mama alileta kigoda akakaa kuangalia, mwisho akawa ndiye anayepiga kelele "breki! breki!" Saidimira sijanunua bado.

Mzee wa Kijiwe, swali moja. Kule kuna mteremko mkali wa kokoto kabla ya korongo. Ashuke na gia gani?

Mzee wa Kijiwe

Ile ile ambayo angepandia. Na asibane klachi.