MJADALA: Warukaji wa miamvuli wajisimamie wenyewe, au serikali ishike rungu?

Wakuu, salaam. Naleta suala la Marekani, ambako jamaa zetu wa ughaibuni hurukia na kutupostia video.

Mamlaka ya anga ya huko, FAA, inashughulika na ndege, rubani na fundi anayekunja mwamvuli wa akiba, ambao hukaguliwa na kukunjwa upya kila siku 180. Mafunzo, leseni na kimo cha kufungulia mwamvuli vimeachiwa chama cha warukaji wenyewe, USPA. Lakini kituo cha kurukia hakilazimiki kujiunga na chama hicho! Kikijiunga kinaahidi kufuata kanuni, kisipojiunga biashara inaendelea.

Mwaka 2016 huko Lodi, California, kijana wa miaka 18 alikufa pamoja na mkufunzi aliyekuwa amefungwa naye. Ikabainika mkufunzi hakuwa na idhini halali ya kuruka na abiria. Kwa kuruka na abiria, kanuni ya FAA yenyewe ipo: uzoefu wa miaka 3, miruko 500, leseni ya daraja la juu. Nani alikuwa uwanjani kukagua? Chama kinaweza kufuta cheti cha mtu, ila kufunga kituo hakiwezi.

Uingereza, mamlaka ya anga (CAA) imekipa chama cha British Skydiving jukumu rasmi la kusimamia klabu. Mimi niko upande huo.

Mchangiaji wa kwanza: Mleta mada, tukio moja halitoshi. Miaka ya 1970 Marekani ilizika kwa wastani zaidi ya warukaji 40 kila mwaka. 2023 walikufa 10, na miruko ilizidi milioni 3. Kazi hiyo kaifanya nani kama si chama? Tena wengi wanaokufa ni wazoefu, mwamvuli umefunguka vizuri, wanakata kona kali karibu na ardhi kutafuta sifa. Mkaguzi wa serikali atawazuiaje?

Mchangiaji wa pili: Na hiyo serikali mnayoitegemea? Ndege ya warukaji ilianguka Oahu, Hawaii, 2019, wakafa wote 11. Wachunguzi wa ajali, NTSB, walitaja usimamizi hafifu wa FAA kuwa moja ya sababu. Ndege ni eneo lao kabisa.

Mleta mada: Mzoefu anajua anachokitafuta, mkuu, huyo simuombei askari. Namsemea abiria wa mara moja, anayesaini fomu bila hata kujua kwamba mkufunzi ana leseni ya kuulizwa. Hilo la Hawaii ni zito, ila linaonyesha FAA imelegea kotekote, si kwamba USPA inatosha. Mlioko Uingereza, hebu semeni: klabu ikikiuka masharti, hufungwa kweli au huandikiwa barua tu?