Tupeane uzoefu: invoisi iliyowahi kukutoa jasho

Fundi Geti: Leo Gerezani, pale Kariakoo, nimekuta dogo anabishana na tajiri, anadai hela na mkononi kashika profoma. Dogo, hiyo ni bei tu, bado si deni! Nikakumbuka nilivyonyooshwa miaka hiyo. Wewe je?

Mama Bagia: Acha kabisa. Nililisha semina Posta, siku tatu, watu 60. Invoisi 4,000,000, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 18% ikawa 4,720,000. Mhasibu akasema bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, hagusi kitu. Nami na kiherehere changu nikaitoa siku ileile. Kila nikipiga simu: "Iko kwenye mchakato, mama." Tarehe 20 ya mwezi uliofuata ritani, ile taarifa ya VAT ya kila mwezi, ikanikuta sina hata mia yao, na VAT inatakiwa. Nikauza friza. Nikaenda mwenyewe, lifti mbovu, ghorofa ya nne kwa miguu. Invoisi yangu naiona palepale mezani, kikombe cha chai kimewekwa juu yake, duara la kahawia limekaa kwenye TIN, namba yangu ya mlipa kodi. Eti sikuandika namba ya LPO, ile oda yao ya manunuzi. Miezi miwili hakuna aliyefungua mdomo!

Mpemba wa Buguruni: Kikombe 😂😂

Kalamu Nyekundu: Dada, 720,000 hulipi yote. Unatoa kwanza VAT ya manunuzi yako.

Mama Bagia: Kaka, yule muuza nyanya wa Ilala aliyekaa chini na ndoo ana EFD?

Kalamu Nyekundu: Soda na maji ungenunua duka lililosajiliwa VAT, lenye mashine.

Mama Bagia: Njoo upike wewe.

Bodaboda Mstaafu: Dawa ni moja, usitoe EFD mpaka hela isome kwenye simu.

Kalamu Nyekundu: Usimpoteze mwenzio. VAT haisubiri hela, ukishatoa huduma inahesabika. Chukua malipo ya awali.

Bodaboda Mstaafu: Ofisi gani inatoa malipo ya awali kwa muuza bagia?

Fundi Geti: Mimi yangu ilikuwa dilivari, ile karatasi ya kupokea mzigo. Mageti mawili nikamwachia mlinzi, hakuna saini wala mhuri. Mlinzi akahamishwa, wakasema hawajapokea. Na mageti yanaonekana, yameshafungwa langoni kwao!

Mpemba wa Buguruni: Ungeyang'oa usiku.

Shangazi wa Tegeta: Nenda na mkeka, kaa mapokezi. Mimi nililipwa saa tisa siku hiyohiyo.

Mpemba wa Buguruni: Mama Bagia, walilipa lakini?

Mama Bagia: Walilipa, mwezi wa saba tangu niwalishe. Friza langu nimeliona juzi kwa jirani, limejaa soda.