Mjadala: Steshenari za jirani na vyuo Dodoma ziendelee kutoa kopi ya kitabu kizima?

Mtoa hoja: Wakuu, hili tunalizunguka muda mrefu. Pita Ng'ong'ona au mtaa wowote wenye wanafunzi wengi hapa Dodoma: kitabu kinatolewa kopi toka jalada hadi ukurasa wa mwisho, kinabanwa, kinauzwa. Msimamo wangu, likome. Na tuache kuchanganya mambo mawili. Kutaja chanzo hakukupi ruhusa ya kudurufu kitabu kizima. Na kuwa na ruhusa hakukuondolei wajibu wa kutaja chanzo.

Mtazameni Shaaban Robert. Alifariki mwaka 1962. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo mashairi aliyoyachapisha akiwa hai yalitoka kwenye ulinzi huo mwisho wa 2012. Chapa utakavyo, hudaiwi. Lakini ukiuingiza ubeti wake kwenye tasnifu yako bila jina lake, umeiba, hata kama hakuna hakimu atakayekuita. Mwandishi aliye hai mambo ni kinyume: mistari mitatu yake, ukitaja jina na ukurasa, ni halali kabisa. Kitabu chake chote, hata ukiandika jina lake kwa wino wa dhahabu, si halali.

Mwenye steshenari: Kaka, njoo ukae dukani kwangu wiki ya kwanza ya muhula. Mhadhiri mwenyewe ndiye anayeniachia kitabu, anawaambia wanafunzi wapitie kwangu. Maktaba ina nakala chache, darasa limejaa hadi mlangoni, bumu, yaani hela ya mkopo wa masomo, halijaingia. Mtoto wa mkulima wa Bahi anunue kitabu cha kutoka nje kwa hela gani?

Mwanafunzi, mwaka wa pili: Halafu si kuna "matumizi ya haki" (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa? Nimesoma mtandaoni kuwa kwa elimu inaruhusiwa.

Mtoa hoja: Dada, hayo uliyosoma yaelekea ni ya Marekani, kifungu cha 107 cha sheria yao ya 1976. Na hata huko mahakama hupima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na jinsi soko la mwenye kazi linavyoathirika. Kusema tu "ni elimu" hakutoshi. Sheria yetu inaruhusu matumizi yaliyotajwa: kunukuu kwa kiasi kinachohitajika, kutolea mfano darasani, chanzo na mtunzi vikitajwa. Kunakili kwa matumizi yako binafsi ni jambo jingine na kuuza kopi dukani ni jingine.

Ndugu yangu wa steshenari, kwa mhadhiri umesema kweli. Anayemsimamisha mwanafunzi kwa kunakili kazi ya mwenzake, kisha anamtuma akanunue kopi ya wizi, anamfundisha nini? Vyuo vilipie leseni ya kudurufu, waandishi wapate chao, nawe ufanye kazi bila wasiwasi.

Mwenye steshenari: Leseni alipe nani? Mkianza na mimi, bei ya ukurasa inapanda siku hiyohiyo.

Mtoa hoja: Chuo. Ndicho kinachopanga vitabu vya kusoma, na ndicho kinachopokea ada. Wewe uza karatasi na wino.