WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari: nibaki na Chrome, nisakinishe programu, au tuhamie Telegram?

Mzee wa Rimu
Wakuu, poleni na mihangaiko. Nina steshenari ndogo karibu na chuo, Mbeya. Wanafunzi siku hizi hawaji na flashi, wanatuma WhatsApp: "Bosi nimekutumia, toa nakala mbili." Sasa wiki ya tatu hii WhatsApp ya kwenye Chrome inanitoa jasho. Kwenye simu faili limeingia, kwenye kompyuta kimya. Kuna asubuhi ukurasa haufunguki kabisa, naambiwa muunganisho si salama. Mchana ukifunguka, naona meseji za jana tu. Foleni iko mlangoni, mimi niko na simu mkononi naskani QR kama nauza tiketi. Mashine ni ya mtumba, Windows 10, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 tu. Nishaurini.

Chaji Asilimia Moja
Simu yako inalala mkuu. Zima kile kibana betri, acha data wazi, simu ikae jirani na kompyuta.

Dada Soketi
Hayo yalikuwa ya zamani. WhatsApp ya kwenye kivinjari ilipotoka Januari 2015 ilikuwa kioo cha simu tu, simu ikizimika na yenyewe inakufa. Kuanzia 2021 walibadilisha, kompyuta inapokea meseji moja kwa moja hata simu ikiwa haina chaji. Unaruhusiwa kuunganisha vifaa vinne. Sharti ni kwamba simu yenyewe isikae zaidi ya siku 14 bila kutumika, vinginevyo vifaa vyote vinatolewa.

Simu inahitajika kuwa wazi siku ile ya kuunganisha, maana ndiyo inayosukuma mazungumzo ya nyuma kwenda kwenye kompyuta. Na haisukumi yote, ya zamani sana utayatafuta kwenye simu.

Mzee, jaribu kwanza kwenye dirisha la faragha. Ikikubali huko, ujue shida ni vijiprogramu ulivyobandika kwenye Chrome au data chakavu ya ule ukurasa. Hapo kitoe kifaa kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, futa data ya tovuti hiyo peke yake, kisha unganisha upya. Usifagie kila kitu, utatolewa hadi kwenye barua pepe.

Saiba ya Likoni
Mimi nimetumia zote. Ya kusakinisha ina raha yake: mteja akifuta historia ya Chrome (na wateja wa saiba hufuta kutwa), wewe hubanduliwi. Simu za sauti pia wapiga humo humo. Lakini kwa RAM 4, ukiifungua pamoja na Word na PDF ya kurasa mia, mashine itakuonyesha mambo.

Telegram kwa kusawazisha ndiyo bingwa, sikatai. Mazungumzo yakaa kwenye seva zao, kwa hiyo wafungua popote na kila kitu kipo. Ila kwa sababu iyo hiyo, mazungumzo yake ya kawaida hayana ule usimbaji wa mwanzo hadi mwisho (kufuli ambalo mtumaji na mpokeaji pekee ndio hulifungua) kama ya WhatsApp, na yale ya siri hayatoki kwenye kifaa ulichoanzia. Signal usijisumbue, haina ya kivinjari kabisa.

Mama Bahasha
Jamani, Telegram ya nani? Mtu ana barua ya kazi, kurasa mbili, basi linamsubiri, umwambie apakue programu nyingine kwa bando lake? Anavuka barabara anaenda kwa jirani yako. Mimi mtandao ukigoma nachomeka waya, natoa faili kwenye simu ya duka, maisha yanaendelea. Polepole, lakini hela inaingia.

Fundi wa Kona
Ngojeni kwanza. Asubuhi inasema si salama, mchana inakubali? Mzee, hebu niambie saa ya hiyo kompyuta inasomaje ukiwasha tu.

Mzee wa Rimu
Loh. Nimetoka kuiwasha sasa hivi, inasema Januari 2012. Mimi nikifunga duka huwa nazima swichi ya ukutani. Kumbe dogo wa dukani ndiye huirekebisha, siku akikumbuka.

Fundi wa Kona
Umepona. Tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hukilinganisha na saa yako. Kwa kompyuta inayoishi 2012, cheti cha leo hakijazaliwa. Hata ungehamia Telegram ya kivinjari ungekutana na ukuta huohuo.

Ndani ya mashine kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Ikiisha, ukikata umeme saa inarudi nyuma. Chomoa waya wa umeme, fungua, badilisha, weka tarehe, washa saa ijirekebishe yenyewe kwa intaneti. Ukimaliza, kitoe kifaa uunganishe upya kama Dada Soketi alivyosema, uondokane na huo ukurasa wa jana.

Chaji Asilimia Moja
Sawa, nimejifunza. Kibana betri nakiondolea mashtaka.

Mzee wa Rimu
Mrejesho: siku ya nne leo, nazima ukutani kama kawaida, asubuhi Chrome inafunguka na faili zinaingia hapohapo. Programu ya kusakinisha niliijaribu jioni moja, mashine ikaanza kuhema, nimeitoa. Waya wa Mama Bahasha nauweka kwenye droo kwa dharura.

Mama Bahasha
Na jioni futa faili za watu kwenye hiyo kompyuta. Kwangu nilikuta vyeti na vitambulisho vya miezi sita, na kila anayekaa kwenye kiti anaviona.

Saiba ya Likoni
Betri umeipata wapi? Huku mafundi simu wanizungusha.

Mzee wa Rimu
Kwa muuza saa za mkononi, stendi.