Tupeane uzoefu: ugomvi wa bao barazani mnauzuiaje kabla haujaharibu jioni?

Kimbi la Kushoto:
Wakuu, hodi humu. Jana jioni baraza fulani limevunjika saa kumi na mbili kasoro, kahawa bado ya moto, kisa kete moja ilisombwa kulia badala ya kushoto. Nazungumzia bao la Kiswahili lenyewe, mashimo 32 (safu 4 za mashimo 8, mbili kwa kila mchezaji), kete 64. Mnaocheza kila siku, leteni ugomvi mnaoujua, unaanzia kwenye kanuni gani na dawa yake ni nini. Domino na karata zina uzi wake.

Komwe Nyeupe:
Ugomvi wa kwanza huanza kabla mtu hajacheza, kwenye kupanga. Nyumba ni shimo la tano la safu yako ya mbele ukihesabu kutoka kushoto KWAKO, kete 6. Mashimo mawili yanayofuata kulia, la 6 na la 7, kete 2 kila moja. Hizo ni 10, zinabaki 22 mkononi. Mwenzako naye anahesabu kutoka kushoto kwake yeye, kwa hiyo nyumba hazitazamani uso kwa uso, zinapishana shimo moja. Ukiona zinatazamana, mmoja kahesabu kutoka kulia. Kwenye ubao ambao shimo la nyumba limechongwa mraba kosa hili hulioni. Ubao wa mashimo yote duara, au wa kuchimba ardhini, ndiyo balaa.

Kipimo chepesi: mpango ukiwa sahihi, hakuna shimo lako lenye kete linalotazamana na shimo la mwenzako lenye kete. Anayeanza hawezi kula, lazima atakate, yaani asombe bila kula. Ukiona anayeanza anakula, simamisheni, mmepanga vibaya.

Shimo la Nane:
Hapo kwenye kipimo umemaliza. Watu wanafika kete ya kumi ndiyo wanagundua.

Mpemba Halisi:
Matata makubwa ni kimbi, si kupanga. Mtu anakula katikati, kasomba kutoka kichwa cha kushoto, yaani shimo la 1 la mbele, kete zinakwenda kulia. Kete ya mwisho inaangukia shimo la 7 lenye kete, mbele yake kuna kete za mwenzake, anakula. Sasa wageni wanaendelea mwendo uleule, wanaanza tena kichwa cha kushoto. Hapana sheikh! La 7 na la 8 ni kimbi cha kulia. Ukila kwenye kimbi unaanza kichwa cha upande huohuo, mwendo unageuka utake usitake. Hiari ya kuchagua kichwa unayo kwenye kunamua (hatua ya kwanza, kete za mkononi hazijaisha), tena kwenye ulaji wa kwanza tu, na uwe umekula mashimo manne ya kati, la 3 mpaka la 6. Baada ya hapo ukila katikati unafuata mwendo ulionao, ukila kimbini kimbi kinakuamulia.

Naona ndicho kisa cha mleta mada.

Kimbi la Kushoto:
Ndicho hasa. Na jina langu lenyewe hili, aibu.

Fundi Seremala:
Mimi naongelea ubao na mikono. Ugomvi mwingi ni wa mkono kuwa mwepesi kuliko jicho. Anachota kete 9, anazimimina kama anapepeta mchele, mwisho anasema "nimelala", yaani mwendo wake umeishia hapo. Nani kahesabu? Sheria ziwe tatu. Kete moja moja, zisikike zikigonga mbao. Ukishachota shimo umelicheza, hakuna kurudisha. Kete za mkononi zikae mahali zinapoonekana, zisifichwe kwenye kiganja kinachosomba. Ubao wenye vishimo vya akiba pembeni umeondoa nusu ya kelele.

Na akiba ihesabike. Kwenye kunamua kila mtu anatoa kete moja kwa zamu, kwa hiyo zamu ya aliyeanza ikifika, mikono yote miwili ina idadi sawa. Zamu ikiwa ya wa pili, aliyeanza amepungukiwa na moja. Hesabu tofauti na hiyo maana yake mtu karuka zamu au kadondosha mbili. Shaka ikizidi, hesabuni zote, za ubaoni na za mikononi: 64. Zikiwa 63 angalieni chini ya mkeka kabla hamjatukanana.

Kahawa Chungu:
Au angalieni mtoto wa jirani anachezea gololi gani 😂

Omweso256:
Habari kutoka Kampala. Omweso nao una safu 4 za mashimo 8 na kete 64, lakini ugomvi huu wa nyumba na kimbi hatuna. Kila mtu anapanga kete zake 32 anavyotaka. Kula ni pale kete yako ya mwisho inapoangukia shimo la mbele lenye kete na mwenzako ana kete kwenye mashimo yake YOTE mawili ya mkabala, unazoa yote mawili. Mnajitesa bure.

Mpemba Halisi:
Basi chezeni omweso wenu. Kwenye bao safu ya nyuma hailiwi, na huo ndio utamu wake. Mtu anaficha kete 20 nyuma unaziona kwa macho na huna la kuzifanya.

Omweso256:
Utamu au woga?

Mpemba Halisi:
Njoo ukae mkekani tuone.

Kimbi la Kushoto:
Jamani, uzi wa ugomvi nao unagombaniwa? Kwa mwenye wageni wa Uganda mezani hili ni la kweli lakini: mwambieni mapema safu ya nyuma hailiwi. Oman vilevile, hawalis yao ina mashimo 7 kwa safu, kwa hiyo aliyezoea ule atakosea kuhesabu vichwa. Haibi, mkono wake umezoea ubao mwingine.

Punje ya Mahindi:
Ngoja niweke tukio, mtaniambia nani alikuwa na haki. Mtaani hapa bado linazungumzwa.

Wacheza wawili, tuwaite Mweupe na Mweusi, wako kwenye mtaji, hatua ya pili, mikono mitupu. Mweupe hana cha kula, anatakata. Alipolala, Mweusi naye hana cha kula. Mweupe anatishia shimo moja tu la Mweusi, lile la mraba, lina kete 7. Mbele ya Mweusi kuna shimo jingine moja lenye kete 2, yaliyobaki yana mojamoja au matupu. Mweusi anachota zile 7 akimbie nazo. Mweupe anamshika mkono: "Hilo limetakasiwa!" Yaani limefungwa, haruhusiwi kuanzia hapo. Mweusi anajibu: "Nyumba haitakasiwi!" Mweupe: "Nyumba gani, si ulishaisafirisha tangu tunanamua?" Mweusi anaapa hajaisafirisha, yaani hajachota kete zake zote akazisomba. Watazamaji walikuwa kama kumi, watano wanasema ilisafiri, watano wanasema ililala. Mzee mmoja anasema ilisafiri mchezo uliopita, si huu. Sauti zinapanda, mtu anasimama na goti lake, ubao juu. Komwe 64 barabarani. Bodaboda inapita. Zimeokotwa 61. Tatu zimeingia mtaroni, zinaonekana kabisa chini ya mfuniko wa zege na mkono haufiki.

Jioni iliyofuata wakajaza kwa kokoto tatu. Kokoto nzito, inaruka shimoni, na kila anayeichota anaijua kwa kuigusa. Ugomvi mpya.

Shimo la Nane:
Mfuniko wa zege 😭😭

Kahawa Chungu:
Waya wenye ubani wa kutafuna mbele yake. Mtaro wa kina gani?

Bibi wa Mkeka:
Kabla ya mtaro, tujibu swali la mwenzetu. Mweupe alitakata au alikula? Akiwa amekula hata mara moja kwenye zamu ile, hakuna kutakasia, mjadala umefungwa.

Punje ya Mahindi:
Alitakata, mama. Hilo hakuna aliyebisha.

Bibi wa Mkeka:
Basi masharti yametimia: katakata, mwenzake hana cha kula, shimo linalotishiwa ni moja tu. Shimo hilo limetakasiwa, Mweusi haruhusiwi kuanzia hapo. Vya kumwokoa ni vitatu. Liwe ni nyumba ambayo bado ni nyumba. Au liwe ndilo shimo pekee lenye kete safu ya mbele. Au liwe ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja. La pili na la tatu hana, maana lile lingine lina kete 2. Lingekuwa na kete 1 tu angekimbia na hakuna wa kumgusa. Yote yamebaki kwenye swali moja: nyumba ilisafiri au haikusafiri.

Tano Kutoka Kushoto:
Kwetu nyumba ikisafiri halafu ikajaa tena 6, inarudi kuwa nyumba. Alikuwa na 7. Mweusi ana haki.

Mpemba Halisi:
Wapi huko? Nyumba ikishasafiri au ikiliwa ni shimo kama mashimo mengine, ijae 6 ijae 60. Mraba ni urembo wa seremala.

Fundi Seremala:
Urembo? Kuchonga mraba safi ni saa nzima kwa patasi.

Tano Kutoka Kushoto:
Nimesema KWETU. Hamkuzaliwa peke yenu kwenye bao.

Bibi wa Mkeka:
Mwanangu, ikiwa kwenu ni hivyo na wote mkekani wanaijua, haina ubaya. Ila itamkwe kabla kete ya kwanza haijawekwa. Ya kutamka ni hii ya nyumba, na ya kutakata kwenye kunamua: nyumba ikibaki peke yake safu ya mbele unaweka kete yako, unachota 2 tu, humwagi yote. Na ya kusafiri: unapokula ukamalizikia kwenye nyumba yako kwenye kunamua, kulala au kusafiri ni hiari yako, mradi mbele yake hakuna cha kula. Kikiwepo unakula, hakuna hiari. Hizo tatu zitamkwe kwa sauti, wote wasikie. Mengine hayana mabishano mengi.

Shimo la Nane:
Na ile ya 15. Kwenye mtaji shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanza kula. Kuna watu wanaigundua siku wanayoumizwa nayo.

Punje ya Mahindi:
Asante mama. Tiba tuliyoipata ndiyo jina langu. Nyumba ikiwa hai, punje moja ya mahindi inakaa ukingoni karibu na shimo. Siku inaposafiri au kuliwa, mwenyewe anaiondoa mbele ya watu. Hakuna tena "ilisafiri mchezo uliopita". Msitumie komwe kwa alama, itachanganyika. Mahindi, au kizibo cha soda.

Kahawa Chungu:
Kuku akila punje nyumba inakuwa hai au imekufa?

Mpemba Halisi:
Kizibo.

Saa ya Ukutani:
Hamjagusa wanaofikiri nusu saa. Mtu anashika kidevu mpaka kahawa inapoa. Tunahesabu mpaka thelathini kwa sauti, asipocheza amekosa zamu.

Mpemba Halisi:
Bao si mbio. Fundi anasoma mizunguko minne mitano mbele, wewe unamhesabia kama watoto wa kibemasa? Na ukimnyima zamu umeharibu hesabu ya mikono aliyoeleza Fundi Seremala.

Fundi Seremala:
Kweli, akiruka zamu akiba hazitalingana tena. Kama lazima kuwe na adhabu, alipe kahawa.

Saa ya Ukutani:
Kahawa naafiki. Na kashata.

Mtazamaji Mtiifu:
Chanzo kikubwa kuliko vyote ni sisi watazamaji. "Kula kule! Kimbi hicho!" Mchezaji anashinda kwa akili ya mtu aliyesimama nyuma yake. Mkifanya hivi inatulia: anayetaja shimo anapoteza foleni yake ya kuingia, anakwenda mwisho. Anayetania bila kutaja shimo aachwe. Kejeli ni chumvi ya bao, ukiikataza watu watahamia kwenye mpira wa runinga. Mpaka uwekwe kwenye mama, mke na deni la mtu.

Saa ya Ukutani:
Deni nalo? Hilo ndilo tamu 😂

Kimbi la Kushoto:
Swali la mwisho kwangu: adhana ya magharibi ikikuta mchezo katikati? Wakirudi kila mtu ana ubao wake kichwani.

Bibi wa Mkeka:
Kufunika kwa kanga hakutoshi, paka analala juu yake. Chukua karatasi, andika mistari minne ya tarakimu nane, kama ubao ulivyo mbele yako, shimo tupu liandikwe sifuri. Pembeni andika akiba ya kila mmoja, zamu ya nani, na nyumba ya nani bado hai. Jumlisha: mashimo 32 pamoja na akiba mbili, ifike 64. Isipofika rudia kabla hamjanyanyuka, maana baada ya sala hakuna atakayekubali. Ni dakika tatu. Kisha kila mmoja aipige picha kwa simu yake mwenyewe, siyo mmoja kwa niaba ya wote.

Tano Kutoka Kushoto:
Hii ya karatasi hata kwetu itafaa.

Omweso256:
Na huku pia. Naichukua.

Punje ya Mahindi:
Bado tuna kokoto tatu. Komwe za kulingana mnapata wapi?

Komwe Nyeupe:
Mkomwe wenyewe, vichakani karibu na ufuo. Vaa kitu kizito mkononi, ganda lake lina miiba na shina pia. Okota zile za kijivu zilizokauka na kung'aa, ukizitikisa zikiita ndani ziache, hazina uzito sawa. Chukua kama 20 upate tatu zinazofanana na zenu. Zitakazobaki usiziache karibu na ubao, mtaamka siku moja mna 66.

Kahawa Chungu:
Ule mtaro hamkunijibu kina.

Punje ya Mahindi:
Mkono mzima na nusu. Ubani umeng'ang'ania mfuniko.